Rehema, nitafutie wakili

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mvua imegoma. Usininunie kwa kimya hiki, simu ilitumbukia chooni na namba zote zikaenda nayo.

Bi Mwanahawa kashindwa kesi. Shamba lile la bondeni kapewa shemeji yake. Kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata shemeji hakutokea hata mara moja, siku 30 zikaisha, tukapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maombi niliyaandika mimi, Bakari akayachapa bure. Siku ya kusikilizwa shemeji kaja na wakili, nami nipo benchi la nyuma kama mwali, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaturuhusu sisi wasaidizi wa kisheria kumshauri mtu na kumwongoza, siyo kusimama kumsemea. Bibi kaulizwa mipaka ya shamba, akaanza kuhadithia marehemu alivyoupanda mwembe. Wakili akatabasamu. Lile tabasamu, Rehema, linaniamsha usiku.

Sasa rufaa ni Mahakama Kuu, siku 45, na 19 zimeshakatika. Nilikwenda kwenye ile ofisi ya msaada wa kisheria mjini tulikokuwa tukipeleka watu, wananiambia mradi umeisha, mfadhili kaondoka. Mahema ya msaada wa kisheria nayo yalipokuja mnadani mwaka jana, bibi alisikilizwa vizuri, akaandikwa daftarini. Jioni mahema yakang'olewa. Kesi haing'oki kama hema.

Sheria imetukataza kutoza ada, sawa, sidai. Lakini nauli ya bodaboda na mashahidi watatu atoe nani? Mwezi huu nimeuza kuku wawili. Mume wangu ananiita wakili wa mayai.

Ila lile tabasamu. Bibi anajua kila jiwe la shamba lile, angeulizwa na mtu wa upande wake angejibu yote.

Yule wakili, dada yake Joyce, bado anapokea kesi za bure? Atakubali ya ardhi, au ni ndoa na matunzo ya watoto tu? Picha za hukumu kwa simu zitamtosha, au anataka nakala yenye muhuri? Bibi akija huko alale kwako siku mbili? Na mguu wako je? Nijibu kwa namba ya Bakari, kabla ya Ijumaa.

Wako,
Zaina

Bibi kaniletea jogoo. Jogoo nayo ni ada?