Mhariri, tuelezeni vizuri hiyo jeli ya gegedu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti letu. Niko Kibirizi hapa Kigoma, mama yangu anaanika dagaa mwaloni toka mi niko mdogo, kutwa kapiga magoti mchangani anawageuza, saivi goti la kulia limevimba na akiinuka linalia mpaka wewe uliyekaa pembeni unasikia.

Juzi kati kapita jamaa na begi anauza sindano ya kuotesha gegedu, yani lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa gotini, anawaonyesha wamama habari kwenye simu kwamba wataalamu wamepata jeli ya kujenga gegedu upya, basi mama akatoa elfu 80 ya mauzo yake akachomwa, goti likawaka moto siku nne hata kukanyaga chini hawezi, jamaa ukimpigia hapatikani.

Kinachoniuma ni kwamba jeli yenyewe ipo kweli, ila sio ile. Gegedu ni kile kitu cheupe kinachong'aa unachokiona buchani kwenye ncha ya mfupa wa ng'ombe, halina mishipa ya damu ndo maana likichubuka haliponi kama kidonda cha ngozi, na daktari William Hunter alishaliandika hilo kule London toka 1743. Sasa watafiti wanachukua polisakaraidi, yani sukari zilizoungana mnyororo mrefu, kuna kaitosani ya maganda ya kamba na kaa, alginati ya mwani, na asidi ya hayaluroniki ambayo hata kwenye ute wa goti lako ipo, wanapata kitu cha majimaji kinachopita kwenye sindano halafu kinaganda ndani. Mawese yetu asubuhi ya baridi yanaganda, ukiyaweka juani yanayeyuka, sasa kuna jeli ya kaitosani ni kinyume chake, kwenye ubaridi ni maji ikikuta joto la mwili, nyuzi 37, inaganda na kukaa kwa umbo la shimo lililopo.

Shimo, Mhariri, hapo ndo watu wanapopotezwa. Kijana kaumia mpirani gegedu likameguka sehemu moja, daktari anapasafisha, anatoboa vitundu kwenye mfupa damu itoke, jeli ya kaitosani inaishikilia ile damu mahali pake ili kovu jipya lipate pa kuanzia. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji sio ya begi la mtaani! Goti la mama limesagika lote miaka na miaka. Zile sindano za hayaluroniki za hospitali nazo ni za kulainisha, baadhi ya watu zinawapunguzia maumivu, hazioteshi kitu, na jeli nyingi zinazoandikwa bado zinajaribiwa maabara na kwa wanyama.

Kwaiyo ombi langu, mkiandika habari hizi semeni palepale juu ni ya goti la namna gani na imefikia wapi, msiache mpaka mstari wa mwisho, maana hao wauzaji wanaonyesha kichwa cha habari tu.

Mama kapewa mazoezi ya misuli ya paja, na fundi katutengenezea chanja inayomfika kiunoni, siku hizi anaanika amesimama. Mkiyatoa maelezo hayo nitalibandika gazeti pale kwenye mzani wa dagaa, wamama wote lazima wapite hapo.

Mwana wa muanika dagaa, Kibirizi, Kigoma