Cheti cha ndoa ya wazazi kisipokuwepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalozisumbua familia nyingi za Goma ambazo watoto wao wamekuwa raia wa Marekani na sasa wanataka kuwaombea wazazi wahamie huko. Mtoto aliyetimiza miaka 21 akimwombea mama, cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama hutosha kuthibitisha uzazi. Akimwombea baba, hudaiwa pia cheti cha ndoa ya wazazi. Hapo ndipo tulipokwama.

Wazazi wangu walioana mwaka 1974 mbele ya wazee wa pande mbili, mahari ikatolewa, lakini komini, yaani ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa, hawakwenda. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia ila inataka iandikishwe, na wazee wetu hawakuona haja ya karatasi kwa jambo ambalo ukoo mzima ulilishuhudia. Hata barua ya mahari iliteketea pamoja na nyumba yetu ya Murara, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini tarehe 17 Januari 2002.

Mdogo wangu alipoanza kumwombea baba, mtu mmoja alituahidi cheti chenye muhuri na tarehe ya 1974 kwa dola mia moja. Nakiri kwamba tulijadiliana usiku kucha. Nawasihi wenzangu wakatae, kwa sababu cheti cha kughushi kikigunduliwa, ombi la haki la mzazi wa kweli huharibika.

Njia halali ipo. Idara ya uhamiaji ya Marekani hukubali kwanza barua ya ofisi husika inayosema kwamba cheti hicho hakipo, kisha ushahidi mwingine kama vitabu vya kanisa, na huo nao ukikosekana, viapo vya maandishi vya watu wawili au zaidi wasio waombaji wala waombewa, wanaoeleza majina yao kamili, anwani, tarehe na mahali walipozaliwa, uhusiano wao na wahusika, na hasa walivyolijua jambo lenyewe. Vyote hutafsiriwa kwa Kiingereza.

Hilo la shahidi kueleza alivyolijua jambo ndilo gumu. Shangazi yetu alianza kwa kusema tu, "Walioana, kila mtu anajua." Tulipomuuliza alikuwa wapi siku ile, akasema alikuwa akimimina kasiksi, pombe ya ndizi, na kwamba mbuzi wa pili wa mahari alikata kamba akakimbilia kwenye maharage, wakamfukuza hadi jioni. Hayo ndiyo tuliyoyaandika, akatia dole gumba.

Ombi langu kwa viongozi wa komini ni moja: barua ya kusema "tumetafuta, hatukuona" isichukue miezi. Sisi tulirudishwa mara nne, na katikati ya safari hizo mjomba aliyepokea mahari ya mama, aliyekuwa shahidi wetu wa pili, alifariki kabla hajaapa.

Msomaji wako,
Karisimbi, Goma