Shemeji anatupa taimushea yake ya Orlando bure, mimi hiyo bure naiogopa

Shikamoo Anti, na wasomaji wengine habari zenu. Naomba ushauri wa haraka maana mume wangu ameshaweka miadi na notari na mimi bado sijakubali kusaini.

Tunaishi Columbus, Ohio. Kaka mkubwa wa mume wangu amekaa Marekani miaka mingi kuliko sisi, sasa anastaafu anarudi Moshi moja kwa moja, nyumba keshajenga. Gari kampa mwanawe, fanicha anagawa, na sisi anatuachia taimushea yake ya Orlando, Florida, yaani haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye apatimenti ya vyumba viwili karibu na Disney, hatumlipi hata senti, ni kubadilisha tu majina kwenye hati basi. Mume wangu nusura alie kwa furaha. Kwao kaka mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, huulizi bei.

Mimi ndo nikauliza bei. Nilimuomba shemeji bili ya mentenansi, ile ada ya kila mwaka ya kutunza jengo, akanitumia picha wasapu, dola 1,380, inatakiwa Januari, uende usiende, na usipolipa huwezi hata kubuku hiyo wiki yako. Alipoinunua 2006 anasema ilikuwa dola 560. Mkopo wa kununulia alishaumaliza zamani ila mentenansi haimaliziki, unalipa mpaka siku jina lako linatoka kwenye hati. Nikakaa na kalkuleta, ikiendelea kupanda asilimia 5 kila mwaka, na ndivyo ilivyokuwa ikipanda kwake, kwa miaka 20 tutakuwa tumetoa zaidi ya dola 45,000. Za zawadi.

Basi nikataka kujua hela inaenda wapi, nikamsumbua shemeji mpaka akanipa bajeti yote waliyotumiwa. Kuna usafi na wafanyakazi na umeme na bwawa, kuna kodi ya ardhi ya kaunti, kuna bima, kuna hela ya kampuni inayosimamia, kuna akiba ya mambo makubwa kama paa na lifti na kubadilisha magodoro. Hayo yote naelewa jengo halijitunzi lenyewe. Ila apatimenti moja inagawanywa kwa watu kama 50, kila mtu na wiki yake, wote wakilipa ni karibu dola 69,000 kwa mwaka kwa apatimenti MOJA! Alafu kuna mstari wa madeni yasiyolipika, nikamuuliza hii nini akasema ni wale walioacha kulipa, mzigo wao unaingizwa kwenye bajeti wanaolipa ndo wanaubeba. Na wazee wanaostaafu na kuacha ni wengi kila mwaka kwahiyo mnaobaki mnazidi kubanwa.

Bima ndo imenitisha zaidi. Florida na vimbunga vyake bima inapanda sana, na baada ya kimbunga Ian 2022 walitozwa mchango wa ziada juu ya mentenansi, hiyo haikuwa kwenye bili ya kawaida, barua ilikuja tu lipeni. Mwenye hati hana pa kukimbilia.

Mume wangu anasema mbona hotelini tungelipa zaidi. Nikachungulia mitandaoni, wenye wiki hapohapo wanaikodisha kwa bei ya chini ya hiyo mentenansi, na wengine wanauza hati nzima eBay kwa dola moja na bado hawapati mteja. Mtu anauza nyumba ya Orlando dola moja, si ujiulize kuna nini? Na sisi watoto wako shule, tunaweza safari Krismasi au kiangazi tu, wiki ambazo kila mtu anazitaka, wiki ya shemeji haina tarehe maalum ni kugombania. Anasema unaweza kubadilishana kupitia RCI, kampuni ya kubadilishana wiki za taimushea, ukaenda kwingine, sawa, ila huko nako kuna ada ya uanachama na ada ya kubadilishana, ni juu ya ile ile mentenansi sio badala yake.

Sasa ugomvi umefika hapa. Shemeji anasema tusipoichukua ataacha tu kulipa, "watanifuata Moshi?" Mimi nasema wasimfuate Moshi lakini ana akaunti benki hapa, watampeleka kwa wakusanya madeni, krediti itaharibika, na Florida wana sheria ya kuinyang'anya hiyo wiki kwa deni la mentenansi. Yeye anaona kunyang'anywa ni nafuu. Binti yake mwenyewe aliyezaliwa hapa aliikataa mapema, yule mtoto ana akili! Na urithi mtu anaweza kuukataa kwa maandishi, lakini hii ukishasaini mwenyewe kwa mkono wako ni deni lako hilo.

Kuna kampuni nayo imempigia shemeji inataka dola 4,000 kwanza eti itamtoa kwenye mkataba kwa garantii. Nimemkataza kabisa, FTC wenyewe, wale wa serikali ya Marekani wanaolinda wateja, wanaonya kuhusu hizo za kulipisha kabla ya kazi. Hapo tu ndo amenisikiliza.

Nilichopendekeza mimi ni shemeji abaki na jina lake kwanza, awaandikie rizoti, yaani wanaoendesha hilo jengo la Orlando, kuomba waichukue hati wenyewe, maana deni la mkopo hana na mentenansi kalipa yote, na nasikia kuna rizoti zinakubali. Wakati anasubiri, sisi mwaka tukitaka kwenda tunamlipia mentenansi ya mwaka huo anatubukia kama wageni wake. Mume wangu anasema huko ni kumdharau kaka yake, zawadi haipangishwi.

Anti naomba unijibu, na wasomaji mliopitia pia. Kuna mliyeweza kurudisha hati kwa rizoti, mliandika barua gani na ilichukua muda gani? Mume wangu akisaini peke yake bila mimi, deni lile linanigusa au lake tu, hapa Ohio? Na huyu shemeji namwambiaje hapana bila ndugu wote wa Moshi kusema mke ndo amekataa? Notari ni Alhamisi.

Mama Wawili, Columbus