Mtindo wa Toyota si kupunguza watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala ya wiki iliyopita kuhusu kampuni za teknolojia zinazofuata mtindo wa viwanda vya Toyota. Mwandishi ameueleza mtindo huo kuwa ni njia ya kupunguza gharama na wafanyakazi, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Mtindo huu ulianzia kwenye nguo, si kwenye magari. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, mvumbuzi Mjapani ambaye kampuni yake ya mashine za kufuma ndiyo iliyozaa Toyota, alikamilisha mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe pale uzi wa mtande ulipokatika, isije ikaendelea kutoa jora zima la kitambaa kibovu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliiingiza fikra hiyo katika kiwanda cha magari. Ndiyo iliyozaa ile kamba inayopita juu ya vichwa vya mafundi: anayeona kasoro huivuta, kiongozi wa kikundi huja mara moja, na kama tatizo halijatatuliwa gari linapofika mwisho wa kituo, kazi yote husimama. Kadi za kanban nazo, zinazoonyesha kilichotumika ili kingine kama hicho kiletwe, Ohno alizibuni kwa kuiga maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua bidhaa. Jina la Kiingereza la mtindo huu, "lean", lenye maana ya wembamba, lilikuja baadaye sana, mwaka 1988, kutoka kwa Mmarekani John Krafcik, na nadhani jina hilo ndilo lililowaponza mameneja wengi. Toyota yenyewe ilipotaka kupunguza watu mwaka 1950 ilikumbwa na mgomo, na rais wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu.

Njia ya mtindo huu kuingia katika ubunifu wa bidhaa ilifunguliwa mwaka 1986, wasomi wa Kijapani Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walipoeleza jinsi kampuni kama Honda na Canon zilivyounda bidhaa mpya kwa vikundi vinavyosonga pamoja kama timu ya raga, badala ya idara moja kuikabidhi nyingine kazi kama kijiti cha mbio za kupokezana. Waandishi wa programu za kompyuta wakayachukua hayo, kisha wakachukua na kanban.

Hapa naweza kusema niliyoyaona. Katika ofisi niliyowahi kufanya kazi tulikuwa watu sita, na kila mmoja alionekana ana shughuli nyingi mno. Siku tuliyobandika kazi zetu ukutani kwa vikaratasi, chini ya "Inasubiri", "Inafanywa" na "Imekamilika", safu ya katikati ilikuwa na vikaratasi 23. Kiwandani mzigo uliolala ghalani unauona kwa macho na unauruka ukipita. Kwetu ulilala ndani ya kompyuta, na hatukujua kuwa tunao. Tulipokubaliana kuwa hakuna atakayeanza kazi ya tatu kabla ya kumaliza mbili alizonazo, meneja alilalamika kwamba tunakaa bure. Wiki chache baadaye wateja walianza kupokea vitu vilivyokuwa vikisubiri tangu masika.

Nakiri kwamba si kila kitu cha kiwandani kinahamishika. Fundi wa magari hurudia kazi ileile mara mamia kwa siku, na kila tofauti kwake ni kasoro. Mbunifu hutengeneza kitu mara moja tu, na jaribio lililoshindwa mapema laweza kuwa ndilo lililomwokolea mwaka mzima. Mjasiriamali wa Marekani Eric Ries alipoandika juu ya kampuni changa mwaka 2011 alilisisitiza hilo: upotevu mkubwa ni kutengeneza kwa ustadi kitu ambacho hakuna anayekihitaji.

Mwandishi wako akilirudia somo hili, naomba aziulize kampuni alizozitaja swali moja: ni mfanyakazi gani wa ngazi ya chini kabisa aliye na ruhusa ya kusimamisha kazi akiona kasoro, na mara ya mwisho aliisimamisha lini?

Wako,
Mwandishi wa programu za kompyuta,
Dar es Salaam