Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: betri hizi nizipeleke wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kongowea, Mombasa. Natumai u mzima, na simu yako pia, maana ikifa sijui utaipeleka wapi.

Mimi ni fundi wa simu. Juzi betri iliyofura kama andazi ilianza kufuka moshi mezani, mara ikawaka. Kijana ninayemfunza kazi akaungua vidole. Tuliizima kwa mchanga. Chini ya meza nina debe la rangi limejaa betri kama hizo, nimezifukia mchangani, kwa kuwa nikizitupa jaani ataziokota mtoto wa mtu. Watu wa skrapu huchukua bodi na nyaya. Nyaya huzichoma wapate shaba, na moshi wake tunaujua sisi tunaolala karibu. Betri hawazitaki hata bure.

Nilizirudisha duka ninakonunulia. Mlinzi akaniuliza nimetumwa na nani kuja kuwachomea duka.

Sheria ya taka ya 2022, Mheshimiwa, inasema anayeingiza bidhaa sokoni awajibikie na taka zake. Kabla yake kulikuwa na miongozo ya taka za kielektroniki, ya 2010. Mwaka 2024 zikaja kanuni. Karatasi tunazo, ahsanteni. Sanduku la kutilia betri moja iliyokufa ndilo sijaliona hapa Kongowea.

Msiniambie ni kazi ngumu. Mifuko ya plastiki mliipiga marufuku Agosti 2017, faini hadi shilingi milioni 4, na mama mboga akaelewa upesi. Mswada wa Fedha wa 2024, kabla haujaondolewa, ulishapiga hesabu ya ushuru wa mazingira kwa vifaa hivi hivi. Labda waagizaji wakubwa wana namba yako na mimi sina. Hawa wanaouza simu za kulipa kidogo kidogo, ukichelewa siku moja wanaifunga wakiwa ofisini kwao. Ikishakufa, hawaijui.

Sitaki semina wala fulana ya siku ya mazingira. Nataka sanduku moja la chuma lenye kifuniko, hapa sokoni, na gari la kuja kulimwaga, kwa gharama ya walioleta simu. Sanduku moja tu, Mheshimiwa. Nipe tarehe, debe limejaa.

Wako mtiifu, bado,
Fundi wa simu, Kongowea