Hizo elfu sita za usafi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nilivyoelewa, umetoa notisi yako ya mwezi ya kuhama nyumba, vitu bado viko ndani, na ajenti ameshakwambia kwamba kwenye dipoziti ya elfu kumi na nane atakata elfu sita za "usafi". Nyumba hajaiona, uchafu ameshaujua! Mimi huyo simuiti mkali. Huyo ameshazipigia hesabu pesa zako.

Nami nilishaliwa hivyo, Kisauni, Mombasa, mwaka 2011. Nilipiga deki mpaka uvunguni, funguo nikamwachia mlinzi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa safarini. Wiki ya pili naambiwa jiko nimeliacha limejaa mafuta. Jiko nililolisugua kwa mikono yangu! Lakini sikuwa na picha wala shahidi, na dipoziti ikaenda yote. Babako akasema tumwachie Mungu. Tukamwachia, lakini kila nikipita ile njia moyo huniuma.

Kwanza toa mkataba uusome. Kama umetia sahihi kwamba ukitoka utapaka rangi, hilo utalibeba, maana hakukushika mtu mkono. Usafi ni habari nyingine. Rangi iliyofifia kwa jua la miaka mitatu, sakafu iliyopauka pale mlangoni, hiyo ni nyumba kuchakaa, na kodi uliyokuwa ukitoa kila mwezi ndiyo iliyolipia kuchakaa kwake. Mafuta yaliyoganda ukutani nyuma ya meko, hayo ni yako, yatoe.

Maji moto na sabuni ya unga, uyaache yaloweke kabla hujasugua. Ule ukoko mweupe wa maji ya kisima kwenye bomba usiukwangue kwa kisu, utaharibu bomba na hapo utadaiwa kwa haki. Chovya kitambaa kwenye siki, kizungushe bombani, kaa saa nzima unywe chai yako. Utaufuta kwa kidole. Ukichoka, tafuta mama fua akusaidie siku moja. Malipo yake hayafiki hata nusu ya hizo elfu sita.

Nyumba ikishakuwa tupu, mwite keyateka, yule mtunzaji wa jengo, mchana, si usiku. Zungukeni pamoja chumba kwa chumba, wewe unarekodi kwa simu: fungua kabati, washa taa, vuta maji chooni. Halafu mwandikie ajenti ujumbe siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba umekabidhi nyumba safi mbele ya keyateka. Akitaka kukata, akuonyeshe kilicho kichafu na risiti ya aliyekisafisha. Usikubali kwa mdomo, na usiseme "basi tugawane" ili yaishe.

Akikaza shingo, usihangaike na lile baraza la kodi za nyumba: sheria yake ni ya mwaka 1959 na inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500. Nairobi utaipata wapi nyumba hiyo? Wewe nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mwambie hilo taratibu, bila kelele. Wengi wakishasikia neno mahakama kutoka kwa mtu mwenye video, hesabu hubadilika.

Na kama kweli kuna kitu umekivunja, niambie mimi kabla hujamwambia yeye. Kile kioo cha bafuni ulichonifichia nakijua, dadako alishasema. Kinunue, ukibandike, kwisha.

Jumamosi nitumie picha ya jiko niione. Na lile godoro usilitupe, nduguyo analitaka.

Wasalaam,
Mamako