Shoga yangu, usiku ule wa Chang'ombe

Shoga yangu uliye Muscat,

Salamu nyingi kutoka Ilala. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Wimbo ulioutuma niliujua kabla gitaa la solo halijamaliza kuingia, na swali lako la mwisho nililijua pia, maana ni lile lile unaloniuliza kila mwaka tangu uondoke: usiku ule wa mpambano wa bendi pale Chang'ombe, nani alipiga, yaani nani alimfunika mwenzake, Msondo au Sikinde? Siku zote nimekujibu Msondo. Nilisema Msondo mbele ya mwenzetu wa Temeke, mbele ya wateja pale cherehanini kwangu, hata mbele ya mumeo siku ya harusi yenu. Kwa kuwa nilikubishia hadharani, na jibu la leo nalitoa hadharani.

Ila niruhusu nianzie nyuma kidogo, kwa sababu kuna wadogo zetu watakaosoma hapa ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa dansi.

Unakumbuka mwaka 2003 uliponipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo kwa mara ya kwanza? Nilikuwa nimeshonea watu magauni ya kwendea dansi kwa miaka miwili bila kujua yanakwenda kufanya nini huko. Tulifika saa tatu, nikadhani tumechelewa, kumbe vyombo ndiyo kwanza vinafungwa. Ukanikalisha, ukaagiza mishikaki, ukaniambia nisinyanyuke mpaka uniambie. Sikukuelewa. Wimbo wa kwanza ulipoanza nikataka kusimama, ukanishika mkono. "Bado. Hapa anasema. Msikilize anasema nini."

Hilo ndilo somo lililonifungulia muziki ule wote. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya maneno: mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, wenzake wanampokea, na wenye wapenzi wao wanacheza wameshikana. Magitaa yanasukana chini kwa chini, solo linasema, la pili linajibu, ridhimu inashona, besi inabeba wote. Halafu vyombo vya kupuliza vinaingia, ngoma zinabadilika, na hapo ndipo penye chemko. Uliniachia mkono hapo hapo. "Sasa!" Tukacheza chemko lile mpaka viatu vikanibana, nikavivua, nikaviweka juu ya meza pembeni ya sahani ya mishikaki.

Ile ilikuwa Sikinde, bendi yako. Mimi sikuwa na haja ya kuchagua. Baba yangu alikuwa Msondo, na mtoto wa fundi seremala wa Ilala anarithi bendi kama anavyorithi timu.

Kwa wasiojua, Msondo ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilivyobadilika, bendi nayo ikabadilika jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwishowe ikabaki na jina la mtindo wake. Sikinde ni Mlimani Park, iliyozaliwa 1978 na baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na baadhi ya walioijenga walitoka upande wa Msondo, akiwemo mwimbaji Muhidin Gurumo mwenyewe. Enzi hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara, anayepiga gitaa la mwajiri. Akitokea tajiri au shirika lenye ahadi nzuri zaidi, mtu anahama na sauti yake. Gurumo alitoka, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo akiwa mtu mzima. Kwa hiyo ukisikia watani wa jadi, ujue ni ugomvi wa watu waliokula sahani moja. Mimi na wewe tulikuwa hivyo hivyo.

Tulikwenda mara ngapi? Sijui kwa hesabu. Jumamosi hii tunakwenda kwako, inayofuata kwangu, na mwenzetu wa Temeke, ambaye hakuwa na bendi, anakwenda popote penye tarumbeta. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama na noti mkononi, anapita katikati ya watu bila haraka, anampandia mpuliza tarumbeta jukwaani na kumbandika pesa kwenye paji la uso. Waimbaji walituzwa na kila mtu, yeye alimtuza yule wa nyuma. Asubuhi tunasubiri daladala ya kwanza tukiwa na mabakuli ya supu na chapati, sauti zimekauka, tunabishana kwa kunong'ona.

Kisha ukaja mwaka 2006. Machi tulimpoteza mwimbaji TX Moshi William. Nilifunga duka siku hiyo, ukaja, hukunitania hata kidogo, ingawa alikuwa wa upande wangu. Wiki chache baadaye tulikwenda kuwasikiliza Msondo, na walipoanza wimbo mmoja aliokuwa akiuimba, watu walisimama bila kucheza. Nakushukuru kwa kunishika bega usiku ule. Sijawahi kukuambia.

Na ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Lazima unaukumbuka usiku ule wa giza. Katikati ya chemko, puu, kila kitu kikazima. Magitaa yakafa kwa pamoja, na kipaza sauti kikafa mdomoni mwa mwimbaji. Lakini tumba haihitaji umeme, na tarumbeta haihitaji umeme, na saksafoni pia! Wapigaji hawakusita hata pigo moja. Maneno yaliyokosa kipaza sauti tuliyadaka sisi huku chini, meza kwa meza, mia kadhaa ya watu gizani, wengine wamewasha simu zile za tochi ndogo. Mwenzetu wa Temeke alikuwa analia kwa furaha. Jenereta lilipowaka, nilisikia watu wakiguna kama waliokatishwa usingizi mtamu. Nimesikia muziki mwingi tangu hapo, na bado nasema sijasikia kitu kilichopangika kuliko zile dakika za giza ambazo hakuna aliyezipanga.

Mwaka jana binti yangu alinipeleka kwenye tamasha kubwa la vijana. Taa zilikuwa nyingi na watu walikuwa wengi, ila aliyekuwa jukwaani aliimba juu ya CD, na CD ilipokwama, naye akakwama. Niliumia kwa ajili yake. Hakuwa na mtu wa kumbeba, maskini, hapakuwa na hata tumba moja nyuma yake. Siwachukii vijana. Nakumbuka mwaka 2013 Diamond Platnumz alivyompa Gurumo gari, baada ya mzee yule kuimba miaka mingi bila kuwa nalo, na nilimwombea dua kijana yule kama mwanangu. Gurumo alikaa na gari lile muda mfupi. Aprili 2014 alizikwa kwao Kisarawe. Ninachowatakia vijana ni bendi tu. Wapate watu wa kusimama nao umeme unapokatika.

Haya. Chang'ombe.

Ilikuwa sikukuu, viwanja vya TCC, mwaka mmoja kabla hujaondoka. Majukwaa mawili, Sikinde huku, Msondo kule, kila mmoja anapiga zamu yake kisha anampisha mwenzake. Tulikuwa tumewekeana: atakayekubali kushindwa amshonee mwenzake gauni. Kwako ungelazimika kulipa fundi, kwangu ni mikono yangu, na ndiyo maana ulisema dau si sawa. Zamu ya kwanza ya Msondo ilikuwa nzuri mno, nilikucheka mpaka ukaenda kukaa na mwenzetu wa Temeke upande wa pili. Gurumo alikuwa ametulia kama mtu aliye barazani kwake. Nilijua tumeshinda.

Zamu ya pili ya Sikinde ilinikuta nje, kwenye foleni ya maji. Simwoni anayeimba, nasikia tu. Akaingia Hassan Bitchuka.

Nilishamsikia mara nyingi ukumbini kwenu. Lakini mle ukumbini nilikuwa namsikiliza kama mpinzani, natafuta kosa. Pale kwenye foleni sikuwa na ukumbi wala upande. Sauti ile nyembamba ilipanda juu ya ukuta, ikapanda tena pale unapodhani imefika mwisho, na ghafla nikawa kwenye kiwanda cha baba, nimekaa juu ya vumbi la mbao. Redio yake ilikuwa juu ya rafu ya misumari. Bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania, na nyimbo zile ziliendelea kupigwa miaka na miaka, kwa hiyo mimi mtoto wa miaka ya themanini nilikulia kwenye sauti za miaka ya sabini. Na kabla hajawa wa kwenu, Bitchuka alikuwa wa JUWATA. Ile ndiyo sauti ambayo baba aliachia randa ili aisikilize. Aliizima mashine ya mwenzake ili aisikilize. Nilikuwa nimekwenda kwenye dansi za Msondo miaka yote nikimtafuta baba, naye alikuwa jukwaani kwenu.

Nilishika ukuta, nikalia. Muuza maji akaniuliza kama naumwa. Chemko lilipoanza nilicheza pale pale kwenye foleni, peke yangu, chupa mkononi, kwa bendi isiyo yangu. Niliporudi nilikuwa nimeshanawa uso. Ukaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema, "Msondo." Ukanitazama kwa muda, halafu ukaniacha.

Nadhani ulijua. Ukaondoka mwaka uliofuata, na nikaogopa kwamba nikisema, nitakuwa nimemkana baba wakati hayupo kujitetea. Sasa naona hajakanwa mtu. Baba alipenda sauti. Ilipohama, yeye alibaki na jina la bendi, na mimi nikarithi jina.

Sikinde walipiga. Usiku ule walipiga, na hakuna aliyewakaribia. Mwambie na mumeo.

Mwenzetu wa Temeke anakusalimu na anasema ukija Desemba tafadhali uje na viatu vya chini. Mimi nitumie vipimo vyako vipya, kifua, kiuno, nyonga na urefu, na uniambie kama bado unapenda mikono ya puto. Kitenge nimeshanunua Kariakoo jana.